Mrejesho: makasha ya besi ya kikundi chetu, Lamu

Assalaam aleikum. Niliwauliza kwa nini makasha mawili ya spika za besi niliyoyaunda kwa ajili ya kikundi chetu cha taarabu yalikuwa yakivuma kila ngoma ilipopigwa, hata yakaifunika sauti ya udi. Mliosema kosa limo katika mbao, si katika amplifaya, mlisema kweli: nilipougonga ubavu wa kasha kwa kifundo cha kidole, uliitika kama dumu tupu. Niliyafungua, nikatia mihimili ndani kutoka ubavu hadi ubavu, nikaondoa plaiwudi ya milimita 12 nikaweka ya milimita 18, kisha nikaziba kila kiungo kwa gundi, kwa kuwa hewa ikivuja penginepo badala ya kupita kwenye tundu la kasha lililotobolewa makusudi, besi hupungua nguvu.

Namshukuru sana aliyenikumbusha nyaya. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) nilikuwa nimeziunga sambamba, zikawa omu 4 kwa pamoja, ilhali amplifaya yetu imeandikwa isishuke chini ya 8. Sasa kila spika ina chaneli yake, na amplifaya haichemki tena.

Juzi tulipiga harusini mtaa wa Langoni hadi usiku wa manane, na udi ulisikika waziwazi hata ghorofani walikokaa kina mama. Lililobaki ni skrubu, ambazo chumvi ya pwani imeanza kuzila. Nitaweka za chuma kisichoshika kutu kabla kusi haijaingia.