Wiki tatu Australia kutoka Dar: tuanzie wapi, na tuache nini?

Mwalimu wa Tabata

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Mimi na mke wangu tutatimiza miaka 30 ya ndoa mwezi Julai mwakani, na watoto wetu wamekubaliana kutuchangia nauli ya kwenda Australia, nchi niliyoionyesha kwa fimbo kwenye ramani ya ukutani miaka yote niliyofundisha bila kuikanyaga. Tuna wiki tatu. Katika daftari langu nimeandika Perth, mwamba wa Uluru, Darwin, matumbawe ya Great Barrier Reef, Sydney na Melbourne, na nilifikiri tungekodi gari tukazunguka taratibu, kwa kuwa huko nako huendesha upande wa kushoto kama kwetu. Binti yangu alipoisoma orodha hiyo alisema, "Baba, mtazeekea barabarani." Je, ratiba hii inawezekana? Mke wangu anasumbuliwa na magoti, na sisi sote hatujui baridi zaidi ya ile ya Lushoto.

Mama Kigamboni

Shikamoo, Mwalimu, na hongereni kwa kufikia miaka hiyo. Nilisoma Brisbane kwa miaka miwili, na kwa heshima zote nasema binti yako yuko sahihi. Nchi ile ina ukubwa wa takriban mara nane ya Tanzania. Kutoka Perth hadi Sydney, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 3,200, yaani karibu mara nne ya Dar hadi Mwanza, na sehemu kubwa ya katikati ni nyika kavu ambako unaweza kuendesha saa nzima bila kuona nyumba. Watu huko husafiri kwa ndege kati ya miji, kisha hukodi gari la siku mbili tatu mahali walipofikia.

Ningewashauri mchague Sydney, Uluru na Cairns, mji wa kaskazini ambako hupandwa boti za kwenda kwenye yale matumbawe, basi. Julai ni majira ya baridi upande wa kusini, na asubuhi za Sydney huweza kushuka hadi nyuzi 8, ila mchana hupanda hadi 17 hivi na jua huwaka vizuri. Melbourne ni baridi zaidi na ina mawingu, hivyo mimi ningeiacha bila kujuta. Cairns ni joto la kupendeza, na yavuyavu wenye sumu kali, ambao huwafanya watu waogope kuogelea pwani ya kaskazini kuanzia Novemba hadi Mei, kwa kawaida hawapo wakati huo. Jambo moja tu: upepo wa miezi hiyo huchafua bahari, kwa hiyo mama anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda boti ya kwenda kwenye matumbawe, asisubiri mpaka aanze kujisikia vibaya.

Uluru msiikose. Kupanda juu ya mwamba kumepigwa marufuku tangu Oktoba 2019, kwa sababu kwa Waanangu, wenyeji wa ardhi ile, ni mahali patakatifu, na uamuzi huo haumpunguzii mgeni chochote. Mwamba una kimo cha meta 348, na uzuri wake huonekana ukiwa chini, jua linapochomoza na rangi yake kugeuka kutoka zambarau iliyokolea hadi nyekundu ya kutu. Kuna njia fupi tambarare ambazo magoti ya mama yatazimudu. Mbebe makoti mazito na soksi za sufu, kwa kuwa usiku wa jangwani hukaribia nyuzi sifuri.

Msafiri wa Upanga

Nakazia alipoishia Mama Kigamboni. Shule za huko hufungwa takriban wiki mbili kuanzia mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na vyumba vya Cairns na Uluru hupanda bei, kwa hiyo afadhali muondoke Dar katikati ya mwezi.

Viza huombwa kwa njia ya mtandao. Ombeni mapema, na muoneshe wazi kwamba mna sababu ya kurudi nyumbani: barua ya pensheni, hati ya nyumba, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, pamoja na barua ya watoto inayoeleza nani analipia nini. Msilipe tiketi isiyorejesheka kabla ya viza kutoka.

Tafadhali msichukulie kirahisi ukaguzi wa vyakula na mimea. Shemeji yangu alibeba dagaa, mdalasini na mbegu za mchicha kwa ajili ya mwenyeji wake. Katika fomu ya kuingilia alijibu "ndiyo" kwenye swali la vyakula na mbegu, ofisa akatandaza kila kitu mezani, akachukua mbegu, akamrudishia mdalasini, na hakutozwa chochote. Angeficha, angeweza kupigwa faini kubwa au hata kufutiwa viza.

Mwalimu wa Tabata

Marahaba, mama, na asante sana, Msafiri. Nimekaa na mke wangu mezani tukafuta Perth, Darwin na Melbourne. Darwin nimeifuta kwa uchungu, kwa sababu ni katika visiwa vya Wessel, mashariki ya mji huo, ambako mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa, nami nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari hiyo kila mwaka. Lakini visiwa hivyo viko mbali mno na njia yetu.

Sasa imebaki hivi: Sydney siku nane, Uluru siku tatu, Cairns siku saba, na siku zilizosalia ni za ndege na za kupumzika. Swali langu la mwisho ni la magoti: tukipitia Doha au Dubai, je, ni busara kulala usiku mmoja hapo katikati, au ni heri tuvumilie tufike moja kwa moja?

Mama Kigamboni

Laleni hapo, Mwalimu. Kutoka Dubai hadi Sydney ni saa 14 hivi angani, na Sydney wako mbele yetu kwa saa saba mwezi huo: Dar ikiwa saa nne usiku, kwao ni saa kumi na moja alfajiri. Mwombee mama kiti cha kando ya njia mapema, asimame kila baada ya saa mbili, na siku ya kwanza Sydney msipange lolote zaidi ya kutembea polepole bandarini.