Deki ya DVD inaandika NO DISC na waranti imeisha: nibadilishe jicho?

Mchumbageni
Wakuu, habari zenu. Deki ina miaka miwili, waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Ukiweka DVD inaanza kuzunguka, inasita, inaandika NO DISC. Mara nyingine inajizima na kuwaka yenyewe. Trei nayo haitoki mpaka uivute kwa kidole. Fundi anasema jicho (lenzi na leza zinazosoma diski) limekufa. Nina DVD za harusi na misiba ya familia ambazo haziko kwingine, kwa hiyo nataka ipone. Mita na chuma cha kulehemu ninavyo. Nianzie wapi?

Risasi na Soda
Mkuu, usinunue jicho kwanza. Jicho bovu kwa kawaida halizimi deki. Kujizima na kuwaka ni ugonjwa wa umeme.

Chomoa, fungua kifuniko. Stika ya waranti haina kazi tena. Kwenye pawa saplai (bodi inayopokea umeme wa ukutani) kuna kapasita kubwa, kikopo cha kuhifadhi umeme, iliyoandikwa 400V. Hiyo hushika volti karibu 325 za DC, na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Subiri dakika tano, ipime. Ikiwa bado ina moto, umalize umeme huo kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, si kwa bisibisi.

Sasa angalia kapasita ndogo za upande wa pili, karibu na waya zinazoenda bodi kuu. Mara nyingi ni 1000µF 10V au 470µF 16V. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimetuna, hata kidogo tu kiasi cha kukihisi kwa ncha ya kidole, au kuna majimaji ya kahawia miguuni, hiyo imekwisha. Joto la kila siku huikausha. Mota inapoanza kuzungusha DVD huvuta umeme mwingi kwa ghafla, kapasita iliyokauka inashindwa kuhimili, volti 5 zinazolisha bodi kuu zinaporomoka na prosesa inaanza upya. Ndiyo maana deki ikiwa tupu unaiona nzima kabisa.

Kwa uhakika: waya mweusi wa mita kwenye GND (upande wa hasi), mwekundu kwenye 5V, kisha washa na uweke DVD. Usiguse chochote upande wa ile kapasita ya 400V. Inatakiwa ibaki kati ya 4.8 na 5.2. Mita ya kawaida ni nzito kuona mdondoko wa ghafla, kwa hiyo ukiona hata inacheza hadi 4.6, jua ukweli ni mbaya zaidi.

Mpira Mraba
Hapo kwenye umeme amemaliza. Mimi niseme trei. Chini yake kuna mkanda mdogo wa mpira kati ya mota na gia. Ukilegea unateleza, mota inalia na trei haitoki. Utoe, ulaze mezani bila kuuvuta, upime kipenyo cha ndani, ununue uliopungua kama milimita 2 au 3. Futa puli kwa spiriti kabla ya kuuvalisha. Mafuta kidogo tu yanatosha kuufanya uteleze tena. Kuuchemsha ule wa zamani dakika chache unakaza kweli, lakini kwa muda. Raba bendi za ofisini usizijaribu, zinakauka na kukatika.

Ukiwa humo humo, safisha lenzi: kijiti cha pamba, tone moja la spiriti, zungusha taratibu bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye waya nyembamba kama nywele. Asetoni hapana, inaunguza plastiki.

Mchumbageni
Asanteni sana wakuu. Ikiwa tupu ni 5.02. Nikiweka DVD inashuka hadi 4.31, kisha inajizima. Kuna 1000µF 10V moja imetuna.

Risasi na Soda
Ndiyo hiyo. Weka 1000µF 16V ya nyuzi 105. Volti zilizoandikwa kwenye kapasita zikizidi si tatizo, zikipungua ndiyo tatizo, ila pima kwanza kama unene wake utaingia. Mstari ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza inapasuka. Badilisha na jirani zake wa upande huo huo, wamekula joto lile lile.

Jicho la Tatu
Ikiwa umeme umetulia na bado NO DISC, jaribu CD ya muziki. Ikisoma CD lakini haisomi DVD, leza ya DVD imechoka, kwa kuwa kila moja ina leza yake. Hapo ndipo ununue jicho, kwa namba iliyoandikwa kwenye lako: SF-HD62, SF-HD65, KHM-313 na kadhalika. Usikubali kuambiwa zote ni sawa. Jipya huja na tone la risasi lililounganisha nukta mbili ili kuikinga leza na umeme tuli. Chomeka utepe wa waya za jicho kwanza, halafu ndipo uliondoe tone hilo. Wengi hulisahau, wanalaumu duka.

Na hizo DVD za familia, usisubiri deki. Tumia kompyuta yenye draivu ya DVD, nakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye flashi. DVD ya kawaida ni GB 4.7, kwa hiyo flashi ya GB 8 inabeba moja. Ya 64 inabeba zaidi ya kumi. VLC inazifungua moja kwa moja.