Leica M6: fokasi inaangukia sikioni, na vidoa vyeupe kwenye picha

Dunga35 (Kisumu)
Wadau, naombeni msaada. Kamera ni Leica M6 ya zamani, si ile iliyorudishwa sokoni 2022. Lenzi ni Summicron 50mm f/2, filamu HP5. Nikipiga uso kwa f/2 (tundu la lenzi wazi kabisa) kutoka kama mita moja, jicho linatoka na ukungu, sikio ndilo linakuwa kali. Mtaa au ziwa kwa f/8 (tundu dogo), kila kitu safi. Halafu kuna vidoa viwili vyeupe mahali pale pale, lakini si kwenye kila fremu. Huonekana zaidi nikiwa nimetembea juani kabla ya kupiga. Fundi anasema tufungue kwanza ndio tuone. Nimpe?

Menengai_f8 (Nakuru)
Usimpe bado. Kufungua ndio uone ni kazi ya fundi redio.

Hiyo f/8 inakuficha. Kwa 50mm ukiwa mita 1, f/8 inakupa ukali wa karibu sentimita 19 mbele na nyuma kwa jumla. Kwa f/2 unabaki na kama 5, na ukikaribia hadi mita 0.7 ni 2 na kidogo. Kosa dogo la renjifainda (kifaa cha kupimia fokasi ndani ya dirisha la kuchungulia) linamezwa na f/8, ila kwa f/2 jicho limeshakwenda.

Anza na mbali. Zungusha lenzi hadi igote kwenye ∞ (alama ya mbali kabisa), kisha chungulia kitu chenye ukingo wima kilicho zaidi ya kilomita moja, mlingoti upande wa Riat kwa mfano. Zile picha mbili kwenye kiraka cha katikati ya dirisha zinafaa kulala moja juu ya nyingine, bila upande kuzidi. Zikipishana juu na chini tu, hiyo inakera macho lakini haiharibu fokasi. Zikipishana kushoto na kulia, hapo ndipo kuna shida.

Baadaye nenda karibu. Kamera kwenye stendi, laza rula kwa pembe ya nyuzi 45, weka fokasi kwenye alama moja iliyo mita 1, piga kwa f/2. Fanya hivyo mara nne tano, kila mara ukivuruga fokasi na kuirudisha upya, maana mkono nao hukosea. Usipimie juani: HP5 kwa ISO 400 inataka f/11 kwa sekunde 1/1000 saa sita mchana, na shata ya M6 haina kasi zaidi ya hiyo, kwa hiyo f/2 haitawezekana. Kaa ndani karibu na dirisha.

Sasa azima lenzi nyingine urudie. Zote mbili zikikosea kwa kiasi kile kile, ugonjwa uko kwenye bodi (kamera yenyewe). Ikikosea Summicron peke yake, iache bodi, peleka lenzi.

Kibuye_Giza
Naongeza kwa vidoa. Hayo karibu hakika ni matobo kwenye pazia la shata, lile linalofunika filamu hadi upige. Pazia la Leica M ni kitambaa chenye mpira, na hakuna kioo cha kulikinga kama kwenye SLR (kamera za kuchungulia kupitia lenzi). Lenzi ikiwa f/2 kwenye ∞ na ikatazama jua, inaweka juu ya kitambaa picha ya jua ya kama nusu milimita, na hiyo inachoma. Jua la saa sita liko utosini, kwa hiyo kamera iliyoning'inia kifuani haidhuriki sana. Hatari ni jioni pale ufukweni, jua likiwa chini mbele yako.

Toa filamu, toa lenzi, ingia chumba chenye giza. Fungua mlango wa nyuma, mulika tochi kutoka mbele, angalia kwa nyuma. Angalia shata ikiwa imekokiwa (umevuta wenzo wa filamu), kisha ukishafyatua, kwa sababu pazia ni mawili na kila hali inakuonyesha moja. Usishtuke ukiona duara jeupe kwenye pazia la kwanza; hilo ni la mita ya mwanga.

Dunga35
Asante sana. Nimemulika. Nukta mbili zinaonekana ikiwa imekokiwa, nikifyatua hakuna kitu. ∞ nayo inapishana kidogo kushoto. Naona kiskrubu kwenye kile kigurudumu kilicho ndani ya mdomo wa kamera, juu. Nikizungushe?

Menengai_f8
Hapana. Kile kinahamisha ∞ kwa mguso mdogo tu, na ukishairekebisha lazima urudi kupima mita 1, vinginevyo umehamisha kosa tu. Mpe fundi aliyewahi kushika M, na umwandikie ulichopima.

Kibuye_Giza
Basi ni pazia la kwanza. Hadi itengenezwe, usivute wenzo mara tu baada ya kupiga. Vuta unapotaka kupiga, ili filamu ikae nyuma ya pazia la pili lililo zima. Ukitembea, f/16 na fokasi ya karibu, au funika lenzi (na ukumbuke kufunua, kwenye M dirisha halitakuonyesha kifuniko).

Matobo mawili huzibwa kwa rangi nyeusi ya mpira inayokunjika, tone jembamba. Akikuletea supaglu au rangi ya kucha, kataa: hukauka ikawa ngumu, pazia likikunjika kwenye roli hupasuka, na 1/1000 ndiyo huharibika kwanza.