Jiwe la kiberiti cha gesi: kwa nini seriamu hutoa cheche?

Mwalimu wa Kongwa
Habari zenu, wadau. Ninafundisha kemia, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataka kujua lile jiwe dogo lililo chini ya gurudumu la kiberiti cha gesi ni kitu gani hasa, na kwa nini hutoa cheche ilhali msumari ukisuguliwa kwa mkono hautoi chochote. Naomba jibu ninaloweza kulisimamia mbele ya darasa.

Mjiolojia wa Dodoma Mjini
Shikamoo, Mwalimu. Kitu kile ni aloi (yaani mchanganyiko wa metali) ya chuma na metali adimu, na katika metali hizo seriamu ndiyo iliyo nyingi zaidi. Aliyeibuni, mwaka 1903, ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Seriamu tupu ni laini, hukatika kwa kisu, huyeyuka kwenye nyuzijoto 795 za Selsiasi, na ikiachwa hewani hufifia upesi kwa kuungana na oksijeni. Chuma huongezwa ili aloi iwe ngumu na ya kumeguka; meno ya gurudumu yanapoikwangua, chembe ndogo mno huruka zikiwa zimepashwa joto na msuguano, na joto hilo dogo latosha kuziwasha. Kwa hiyo cheche ni metali inayoungua, wala si moto uliokuwa umefichwa ndani ya jiwe. Mbele ya darasa, zungusha gurudumu polepole juu ya bati bila kufungulia gesi, upate unga kidogo wa kijivu, kisha usogezee njiti inayowaka: unga huo utawaka ghafla. Unga uwe kidogo sana, na ufanye wewe mwenyewe.

Mdau wa Mpwapwa
Je, seriamu inapatikana nchini?

Mjiolojia wa Dodoma Mjini
Ndiyo, ndugu yangu. Mashapo ya Ngualla, mkoani Songwe, yana madini ya bastnezaiti, ambamo seriamu imo pamoja na lanthanamu, neodimiamu na nyinginezo. Ingawa huitwa metali adimu, katika ukoko wa dunia wingi wa seriamu unakaribiana na ule wa shaba. Kazi kubwa ni kuzitenganisha metali hizi, kwa kuwa tabia zao za kikemia zinafanana mno. Seriamu ina nafuu yake: huweza kupoteza elektroni nne pale ambapo wenzake wengi huishia tatu, na tofauti hiyo ndiyo wachenjuaji huitumia kuiondoa mapema.

Fundi Maabara
Naongezea jambo la usalama, Mwalimu: metali hii ikishika moto usiizime kwa maji, kwani hutoa haidrojeni. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu kabla hujaanza.