Kanda za VHS za marehemu baba: nizihamishie vipi kwenye DVD bila picha kuharibika?

Kifungua Mimba, Kisumu

Hamjambo wote. Baba yetu alituachia kanda tisa za VHS zilizorekodiwa kati ya mwaka 1989 na 1997: harusi ya dada yangu, mazishi ya babu, na siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari kule Siaya. Zimekaa miaka mingi katika sanduku la bati, na kwa unyevu wa huku ziwani, mbili zimeota ukungu mweupe ukingoni mwa utepe. Mwezi uliopita nilipeleka ile ya harusi kwenye duka moja la mjini, nikarudishiwa diski moja yenye saa tatu nzima, ambayo picha yake inakatikakatika kama vigae kila watu wanapocheza ngoma, nyuso zimetandazwa zikawa pana, na chini kabisa kuna ufito unaochezacheza. Mwenye duka alisema kwamba kanda za zamani ndivyo zilivyo. Je, ni kweli? Deki ya baba bado inawaka, ingawa inaonyesha chenga, na kompyuta ninayo.

Fundi wa Deki, Nakuru

Pole, ndugu yangu. Kwanza kabisa, zile mbili zenye ukungu usizitie kwenye deki hata kwa kujaribu, kwa maana ukungu utahamia kwenye vichwa, yaani sehemu za deki zinazosoma utepe, na kutoka hapo utaziambukiza kanda nyingine zote. Zitenge kwenye mfuko mkavu mpaka zisafishwe na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kuhusu diski uliyopewa, kanda haina kosa. Picha ya DVD kwa PAL, mfumo wetu wa runinga, ina nukta 720 kwa 576, ilhali VHS hutoa takriban mistari 240 tu ya uwazi kwa upana, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Vigae unavyoviona vimetokana na kubana saa tatu katika diski ya gigabaiti 4.7, ambayo ningeitilia saa moja, au mbili zikizidi sana. Nyuso zimepanuka kwa sababu picha ya 4:3, umbo la runinga za zamani, imenyooshwa ijaze runinga pana ya 16:9. Ule ufito wa chini tu ndio wa kanda yenyewe: ni mahali ambapo deki hubadilisha kichwa kimoja kwenda kingine, na runinga za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Ufunike kwa ufito mweusi, usikate picha.

Nguvu zako ziweke kwenye deki kabla ya kompyuta. Chenga mara nyingi ni uchafu wa vichwa. Chomoa umeme, fungua kifuniko, lowesha kipande cha ngozi laini kwa spiriti ya isopropili, kishikilie kimetulia kwenye ngoma ya vichwa, ile silinda inayozunguka, kisha izungushe ngoma hiyo polepole kwa mkono. Usisugue juu na chini, na usitumie pamba ya masikio, kwani nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kukivunja. Kila kanda ipeleke hadi mwisho na kuirudisha mwanzo kabla ya kuirekodi, kisha urekebishe trakingi, yaani jinsi vichwa vinavyofuata njia ya picha kwenye utepe, huku ukitazama picha.

Rekodi kwenye kompyuta kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu, kama HuffYUV; tenga takriban gigabaiti 30 kwa kila saa. Faili hilo ndilo la kuhifadhi, na DVD itengenezwe kutoka kwalo.

Mama Wawili, Kakamega

Naongeza mawili. Mjomba wangu alituma kanda kutoka Marekani, na kwenye deki yetu picha ilipanda na kushuka bila rangi, kwa kuwa kule walitumia mfumo mwingine wa runinga, NTSC, wenye mistari 525. Kanda ya namna hiyo inahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili. La pili, jihadhari na programu za kuondoa chenga. Mimi nilizidisha, uso wa nyanya ukawa laini kama mshumaa, mikunjo yake yote ikafutika, na watoto wakaniuliza huyu ni nani. Nikarudia kazi yote kwa kipimo cha chini kabisa.

Fundi wa Deki, Nakuru

Kweli kabisa, dada. Na kabla ya yote, kivunje kile kijisahani cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kifungua Mimba, Kisumu

Asanteni sana. Kile kipande cha ngozi kilitoka cheusi kama masizi, na chenga karibu zote zimekwisha. Jana usiku tumeitazama ile ya Siaya. Mama amekuwa akishikilia miaka yote kwamba ng'ombe walikuwa saba. Kwenye kanda nimewahesabu mara tatu, ni watano, naye anasema wawili walikuwa nyuma ya kamera.