Mrejesho: mwanasesere wangu aliyekuwa anabanduka rangi

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini mwanasesere wangu wa vinili (plastiki laini), ninayempaka rangi afanane na mtoto mchanga halisi, anang'aa kama plastiki na rangi inabanduka shingoni. Asanteni sana mlionijibu.

Mliosema nimwoshe mlipatia. Vinili hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta, nami nilipaka rangi juu yake vivyo hivyo. Niliitoa yote, nikasugua kichwa, mikono na miguu kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, nikaacha vikauke hadi kesho yake.

Nikaanza upya kwa tabaka nyembamba za rangi, nyepesi karibu kama maji: buluu kidogo kwenye panja na kope, wekundu visiginoni. Rangi hii hukauka kwa joto, hivyo kila tabaka niliioka dakika 8 kwa nyuzi 130 hivi za Selsiasi, katika oveni ndogo isiyopikiwa chakula. Tumieni kipimajoto, kitufe cha oveni hakiaminiki. Kwenye tabaka la tisa mishipa ilianza kuonekana kama iko chini ya ngozi kabisa. Niliacha kazi nikakaa kumtazama tu.

Mng'ao ulikwisha kwa vanishi ya kufifiza, niliyodonoa na sifongo.

Nywele bado. Singa za mbuzi wa Angora nachomeka mojamoja kutoka utosini, na jioni tatu zimenipa eneo la ukubwa wa sarafu.

Kichwani nimetia shanga ndogo za kioo ili kiwe kizito kama cha mtoto. Mama alipompokea, aliweka kiganja chini ya kisogo bila kuambiwa.