Tupeane uzoefu: kuandika kwa sauti kwenye kompyuta ya zamani, ulitokaje?

Wakuu, nina steshenari ndogo Sinza, nachapa barua na hati za watu. Kiganja kinauma, nikasema sasa niongee mashine iandike. Kompyuta ni ya mtumba, Windows 7. Nikashusha programu, bando likateketea, mwisho inaniambia inataka Windows 10. Kijana mmoja akaniambia niidanganye: bofya kulia, ingia kwenye sifa za faili, uchague Windows nyingine. Kumbe orodha yenyewe ni ya Windows za nyuma tu! Ule ujanja unasaidia programu kuukuu kwenye mashine mpya, sio kinyume chake. Nikarudi kwenye ile inayokuja na Windows yenyewe, Kiswahili haimo. Nasema "Mheshimiwa", inaandika Kiingereza cha ajabu. Nyie mlifanyaje?

Mdau wa Mbagala:
Mkuu, kabla ya yote angalia maiki. Mimi nilipata toleo la zamani la programu, likakubali, ila halisikii kitu. Fundi akataka 20,000 apige Windows upya. Shida ilikuwa pini! Hedifoni za simu zina pini moja yenye mikanda mitatu myeusi, kompyuta yangu ina matundu mawili, la kijani na la pinki. Nikanunua kiwaya cha kugawa pale Kariakoo, kazi ikaisha. Nilivyomchukia yule fundi, we acha tu.

Mdau wa Tabata:
Mimi nilijaribu Whisper, ile ya OpenAI ya bure iliyotoka 2022, Kiswahili inajua. Nikifungua inazima kimya, hata ujumbe wa kosa hakuna. Nimehangaika wiki nzima na drayva. Kumbe prosesa yangu ni Core 2 Duo, haina AVX, yaani maagizo ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo, na programu ilikuwa imetengenezwa kwa prosesa zenye AVX. Kwa prosesa za Intel hiyo AVX ilianza 2011. Hapo hata ubadilishe Windows mara kumi hutoboi.

Mdau wa Ubungo:
Sasa na kuhamia Windows 10 msikimbilie, nayo Microsoft waliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025. Windows 7 waliizika 2020, na Chrome yake imeishia namba 109. Dada yangu wa Sinza, si una simu? Kibodi ya Google inasikia Kiswahili tangu 2017. Ongea kwenye simu, hifadhi mtandaoni, kwenye kompyuta kazi yako iwe kupanga na kuprinti.

Mwanzisha mada:
Asanteni. Nimefuata la simu, leo siku ya nne. Nafunga mlango kwanza, maana bodaboda wanaegesha hapo nje na feni nayo inapiga kelele. Barua zinatoka vizuri. Ila jana wakili amenirudishia karatasi anacheka: juu kabisa, kwa herufi kubwa, HATI YA KIATU.